Sura ya Saba: Hataza Isiyotaja Hita

"Nipe nisaini," Korbinian Zach alisema. "Nimechoka."

Inspekta Kreszenz Haslbeck hakumpa kitu. Alimsogezea kikombe cha kahawa na kumtazama. Wiki sita zilizopita fundi bomba huyu alikuwa mtu wa kubeba hita begani huku anapiga mluzi. Sasa shati lake lilikuwa limebaki kubwa na shingo imekuwa ya mtoto. Askari walikuwa wamemnyang'anya mkanda na kamba za viatu tangu Jumapili, na hilo lilimweleza Haslbeck hali ya mtu huyu kuliko ripoti ya daktari yeyote.

"Usaini nini, bwana, na hukumbuki?"

"Ndiyo hivyo, sikumbuki. Novemba nilikwenda kwa kina Aumer kuisafisha ile hita, kama kila mwaka. Siku hiyo nilikuwa na nyumba saba. Je, dohani niliikagua? Nikifumba macho najiona naikagua. Nikifumba tena najiona napanda gari naondoka." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Na yule mtoto anakohoa, Inspekta. Usiku kucha namsikia anakohoa."

"Vroni hakukohoa. Hewa ile haikohozi mtu. Alilala tu, yeye na mama yake."

"Basi mwambie aache."

Haslbeck aliinuka. Alifunga daftari lake, akaiweka ndani kadi ya maziko aliyoitumia kama alama ya ukurasa. Kila mwombolezaji alikuwa amepewa kadi kama hiyo mlangoni pa kanisa: picha ya Roswitha Aumer na binti yake wamekaa kwenye ngazi wanacheka, sala nyuma, na chini yake maandishi madogo ambayo hakuna mtu huyasoma. Aliitunza kwa sababu hakujua pa kuitupa.

Nje kwenye ushoroba alimkuta mwendesha mashtaka, Dakta Seyfried, anatazama saa.

"Mtu anataka kukiri, wewe unamzuia," Seyfried alisema. "Uliona wapi?"

"Hataki kukiri. Anataka kulala usingizi."

"Basi akikiri atalala. Saa kumi alasiri, Kreszenz, naleta karatasi na anasaini. Baada ya hapo naenda kuchukua vazi langu la kanivali. Mwaka huu mimi ni jogoo."

"Hilo halihitaji vazi," Haslbeck alisema, akashuka ngazi. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Mambo yenyewe, ukiyapanga, yalikuwa machache. Januari hiyo ya mwaka 1984 Roswitha Aumer alimwogesha binti yake nyumbani kwao Moosach, pembezoni mwa jiji la Munich. Theluji ilikuwa imeziba dohani juu ya paa. Moshi wa hita ya gesi ya kupashia maji ukakosa njia, ukarudi bafuni, bila harufu, bila rangi. Kila hita ina kibati kidogo mdomoni, pale moshi unapotokea, kwa ajili ya siku kama hiyo: moshi ukirudi, kibati kinapata joto, kinajikunja, gesi inakatika. Hiki hakikujikunja. Kilikuwa kimeganda kwa masizi. Mtaalamu wa maabara alisema hawezi kuapa kama kimeganda kwa uzembe wa fundi au kwa ubaya wa kibati chenyewe. Kiwanda kilichoitengeneza, Brandecker na Wanawe, kilijibu kwa barua ya mstari mmoja: hitilafu ya aina hiyo haijawahi kujulikana kwetu.

Haslbeck ndiye aliyeingia bafuni wa kwanza. Maji yalikuwa bado yanatiririka na maiti wote wawili walikuwa na mashavu mekundu ya watu waliotoka kucheza kwenye theluji. Tangu siku hiyo alikuwa anaoga maji ya baridi. Hakumwambia mtu, maana kituoni wangemtania mpaka astaafu, lakini kila akisikia hita ikiwaka ukutani, puf, mwili ulimsisimka na mkono ulifunga bomba wenyewe. Sasa alikuwa na wazo moja, na aling'ang'ania hilo hilo. Kiwanda kinachojua kitu chake kibovu hutafuta dawa. Kinachopata dawa huandikisha hataza, haki ya serikali ya kumiliki uvumbuzi, ili washindani wasiiibe. Kama hataza ya dawa hiyo ipo, basi ile barua ya mstari mmoja ni uongo.

Ukumbi wa hataza ulikuwa kando ya mto, jengo refu la kijivu lenye droo kutoka sakafuni hadi darini, na baridi ya kumtoa mtu machozi. Mabomba ya kupasha joto yaligonga ndani ya kuta, kongo, kongo, halafu yakanyamaza bila kupasha chochote. Mlinzi wa ukumbi alikuwa Mzee Eginhard Pfab, mkaguzi wa hataza aliyestaafu baada ya miaka thelathini na moja na ambaye, kwa kukosa pa kwenda, alirudi Jumatatu iliyofuata akaomba kazi ya kufungua mlango.

"Mungu akusalimu, mama," alisema. "Unatafuta kitu au mtu?"

"Mtu. Brandecker."

"Kosa la kwanza," Pfab alisema, lakini alimpeleka kwenye kadi za majina. Brandecker alikuwa na hataza arobaini na mbili. Haslbeck alizipitia zote wima, bila kuvua koti: vichomeo, vishikio, rangi ya bati, hata kitufe. Kuhusu moshi unaorudi, hakuna neno.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna chini ya jina hilo. Jina ni koti, mama, mtu analivaa na kulivua. Sisi hapa hatupangi watu. Tunapanga vitu, kwa kazi vinayofanya." Akaanza kutembea na Haslbeck akamfuata. "F, hiyo ni moto na taa na yote yanayopata joto. F24, kupasha nyumba na majiko. F24H, hita za maji. Halafu 9/20: kifaa cha kuizuia isikuue. Kila mwenye kiwanda cha hita duniani, awe Mjerumani, awe Mjapani, awe amejificha nyuma ya jina la shangazi yake, kitu chake kitakuja kulala kwenye droo hii pamoja na wenzake. Ukitaka kujua tasnia nzima inaogopa nini, usimuulize mtu yeyote. Fungua droo."

Alifungua. Droo ilitoa sauti kama ya mtu anayeamshwa, na Haslbeck akarudi nyuma hatua moja.

"Zinalia zote," Pfab alisema. "Hii ilikuwa ya Ostertag. Alikaa na hita za maji miaka ishirini. Alikufa hapo, kwenye kile kiti, Septemba ya mwaka themanini, anasoma. Tulidhani anafikiri. Tulimwacha mpaka saa ya kufunga."

Haslbeck alikitazama kiti, akachagua kingine.

Karatasi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, kuanzia mwaka 1977. Waligawana. Pembeni mwa nyingi kulikuwa na maandishi madogo ya penseli ya kijani: mshale, namba, "rejea ya Kifaransa," "upuuzi," na mahali pamoja "mke wangu angeweza kuvumbua hiki." Marehemu Ostertag alikuwa akizungumza na karatasi zake. Baada ya saa moja Haslbeck alianza kumzoea, akawa anayatafuta maandishi yake kabla ya kusoma hataza yenyewe, na hilo halikumfurahisha.

Saa nne alikuta jina alilolijua: mwombaji, Zach. Kibati cha usalama, mwaka 1978.

"Mungu wangu," alisema. "Fundi wangu alijua."

Pfab alinyoosha shingo. "Zach wa Vienna huyo, Leopold. Nilimpinga mimi mwenyewe, alinitukana kwa barua tatu. Soma anwani, mama! Nimekwambia majina ni makoti na bado unakamata koti."

Haslbeck alishusha pumzi mpaka karatasi ikatikisika. Pfab alitoa soseji mbili nyeupe kutoka kwenye chupa ya chai yenye maji moto na mkate wa chumvi kutoka kwenye droo ya A21, ambayo, alieleza, ni droo ya waokaji. Ilibidi zilwe kabla ya kengele ya saa sita, kama ilivyo kwa watu wa huko tangu babu zao, na Haslbeck alikula akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye karatasi. Rundo la "siyo" likapanda. Rundo la "pengine" likabaki na mbili, na zote mbili zilikuwa za mshindani wa Brandecker, na zote mbili zilieleza kibati kilichowekwa juu kabisa ya dohani, si mdomoni mwa hita. Zilikuwa hazina faida.

Karatasi moja aliitupa upande wa tatu kabisa.

"Hiyo nini?" Pfab aliuliza.

"Imepotea njia. Kikaushio cha hopsi. Maua ya bia, mzee, si hita."

Pfab aliacha kutafuna. "Hapa hakuna kinachopotea njia. Miaka thelathini na moja, mama, mimi nimeona watu wakipotea humu ndani, sijaona karatasi. Kama iko kwenye droo hii, mtu aliiweka. Ilete."

Aliigeuza kuelekea dirishani. Pembeni juu, mahali pa msimbo, palikuwa pamechapwa F26B, fungu la kukausha. Chini yake, kwa herufi hizohizo, F24H 9/20.

"Umeona? Wa kwanza ni wa kile mwombaji anachosema. Wa pili ni wa kile mkaguzi anachokiona. Mwombaji ana haki ya kutunga hadithi. Kuchagua droo si kazi yake. Nakala moja ilikwenda kwa wakausha maua, na nyingine Ostertag aliileta hapa kwake. Kwa nini?"

Haslbeck alisoma. Kurasa nne za hopsi: unyevu, joto, moshi unaorudi upepo ukikaza, kibati kilichowekwa mdomoni, pale moshi unapoanza kuingia dohani. Hakuna neno hita. Hakuna neno maji, wala bafu, wala nyumba. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na sentensi moja iliyomfanya akae: *kibati cha kawaida hukusanya masizi na, kuanzia mwaka wa tatu wa matumizi, huweza kuganda.*

Alitoa kwenye mkoba picha ya maabara, ile ya kibati cha kina Aumer, akaiweka kando ya mchoro wa pili. Kibati cha kawaida, kile kibovu, kilikuwa kimechorwa kwa mistari ya nukta ili mtu aone dawa inabadilisha nini. Kilikuwa na mapengo matatu ukingoni na skrubu upande wa kushoto. Cha kwenye picha: mapengo matatu, skrubu kushoto.

"Ni chenyewe," alisema, na sauti ikamtoka ndogo. "Mzee, ni chenyewe."

"Tulia. Tazama hapa chini."

Kwenye pembe ya mchoro, chini ya kikaushio, kipande kifupi cha bomba kilitoka kwenye ukuta, kikainama, kikaishia hewani. Hakikuwa na namba, na maelezo hayakukitaja. Kando yake, kwa penseli ya kijani, Ostertag alikuwa ameandika swali: *Kwa nini kikaushio cha hopsi kina bomba la maji?*

"Hiyo ndiyo sababu," Pfab alisema polepole. "Wakili hubadilisha maneno, mama. Maneno ni kazi yake. Lakini sisi wakaguzi hatusomi maneno kwanza. Tunafungua michoro. Wakili yeyote anayejificha hujificha kwenye maandishi, na hasahau kitu isipokuwa mchoro." Aligusa tarehe kwenye ukurasa wa kwanza. "Imechapishwa tarehe kumi na nane Septemba mwaka themanini. Tulimzika tarehe ishirini na sita. Angewaandikia barua awaulize. Alikuwa mtu wa barua."

Wote wawili walikitazama kile kiti. Mabomba yaligonga ukutani, kongo, na safari hii Haslbeck hakuona aibu kushtuka. Swali la marehemu lilikuwa limekaa gizani zaidi ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo hita ilikuwa ikiwaka Moosach kila jioni.

Imeandikishwa Machi 1979. Mvumbuzi: ameomba asitajwe. Mwombaji: Roswitha Dirnagl, Mainburg.

Kwenye kadi za majina Dirnagl alikuwa na hataza moja tu, hiyohiyo. Mtu aliyevumbua kitu kimoja maishani, akanyamaza. Mainburg ni nchi ya hopsi, Roswitha ni jina la kawaida huko, kila kitu kilipatana vizuri mno. Haslbeck alifungua daftari anakili namba, na kadi ya maziko ikaanguka sakafuni.

Pfab ndiye aliyeinama. Aliishika mbali na macho, kama wazee wanavyofanya, akasoma yale maandishi madogo.

"Roswitha Aumer," alisoma. "Aliyezaliwa Dirnagl."

Haslbeck aliichukua kadi akaisoma mwenyewe. Alikuwa ametembea na jina hilo mfukoni wiki sita. Alikuwa amelifungua na kulifunga mara hamsini kwa siku, mbele ya Zach, mbele ya Seyfried, na hakuwahi kulisoma.

"Karatasi hii naichukua," alisema.

"Droo hii haitoi karatasi. Piga nakala."

"Nakala haitaonyesha kijani."

Pfab alifikiri, akatoa daftari la kuazimisha, na kwenye nafasi ya jina la msomaji akaandika yeye mwenyewe: Ostertag. "Saini hapo chini," alisema. "Na uirudishe. Ana mpangilio wake."

Saa tisa na nusu alikuwa Moosach. Njiani mtu mwenye kinyago cha mbao alivuka barabara mbele ya gari lake, akamwinamia, akaenda zake. Ulikuwa msimu wa kanivali, watu wanapovaa vinyago na kucheza. Karatasi ilikuwa kwenye kiti cha pembeni, na Haslbeck alijua vizuri udhaifu wake. Bila mdomo wa mtu, ilikuwa hataza ya hopsi kwa jina la marehemu. Seyfried angeicheka, Zach angesaini, na Brandecker wangetuma barua nyingine ya mstari mmoja.

Severin Aumer, mume wa Roswitha, alifungua mlango amevaa soksi tu. Alikuwa mchoraji wa ramani za mashine, mtu mpole mwenye vidole safi, na Haslbeck alikuwa anajua anafanya kazi Brandecker. Nusu ya mtaa ule ilifanya kazi Brandecker. Hakuna aliyeona ajabu. Mfiwa haulizwi maswali mengi.

"Inspekta. Nimetia kahawa sasa hivi."

"Sitakunywa."

Jikoni palikuwa na baridi. Mlango wa bafu ulikuwa wazi, na ukutani, mahali palipokuwa na hita kabla maabara hawajaing'oa, palibaki bomba lililoinama likiishia hewani. Haslbeck aliligeuzia mgongo. Aliweka kadi ya maziko juu ya meza, na kando yake ukurasa wa kwanza wa hataza, jina kwa jina.

Aumer hakuzigusa. Alikaa.

"Walisema haitapatikana," alisema. "Walisema hata wao wakiitafuta hawataipata."

"Nani waliosema?"

"Mkubwa wa idara. Na wakili." Alikuwa anasema kama mtu anayesoma mbali. "Mwaka sabini na nane vibati vya hita mbili za majaribio viliganda. Niligundua mimi, na dawa nikaichora mimi. Wakafurahi, wakanipa mkono. Halafu wakasema: tukiandikisha kwa jina letu, washindani wataisoma siku hiyohiyo, na wakaguzi wa usalama watauliza zile tulizokwisha kuuza zina nini. Basi itungiwe hadithi. Wakauliza kama nina jina lisilojulikana na mtu. Kwao Roswitha wanalima hopsi."

"Alijua anasaini nini?"

"Alisainia hapo ulipoweka mkono. Alikuwa amempakata Vroni, naye anamnyang'anya kalamu." Aumer aliutazama mlango wa bafu. "Mwaka uliofuata kiwanda kikatuuzia wafanyakazi hita kwa nusu bei. Nikaleta moja. Roswitha akaniuliza, hii ndiyo yenye ile niliyoisainia? Nikamwambia ndiyo."

"Na ilikuwa nayo?"

"Haikuwa nayo. Walisema wataanza kuiweka mwakani. Nikasema, mwakani nitaibadilisha mwenyewe, ni kazi ya nusu saa. Mwakani ikafika nikasema mwakani. Kila Novemba Zach alikuja akaisafisha, nami nikalala usingizi mzuri kabisa."

"Zach yuko mahabusu. Saa kumi anasaini kwamba aliwaua, kwa sababu hakumbuki kama aliikagua dohani. Anamsikia mtoto wako akikohoa."

Aumer alifunika uso. Haslbeck hakumwonea huruma, na baadaye alijilaumu kwa hilo, lakini si sana.

"Ulikuwepo Novemba?" aliuliza. "Ulimwona?"

"Nilikuwa nimesimama pale mlangoni."

"Basi sema ulichokiona."

"Aliikagua." Maneno yalitoka nyuma ya vidole. "Aliweka kioo chini ya mdomo wa hita, kuona kama moshi unaorudi utakitia ukungu. Kioo kilibaki kikavu. Alimwonyesha Vroni, akamwacha ajitazame. Vroni akamtolea ulimi."

"Na wiki sita umenyamaza!"

"Wiki sita nimenyamaza."

Simu ilikuwa ukutani. Haslbeck aliipiga mwenyewe, na Seyfried alipokea akiwa tayari kwenye chumba cha mahojiano.

"Zach asisaini."

"Ameshika kalamu, Kreszenz."

"Mnyang'anye. Mmeweza mkanda, kalamu itawashinda? Na mwambie hivi, neno kwa neno, kabla hujaniuliza lolote: kioo kilikuwa kikavu. Alimpa mtoto ajitazame. Mwambie sasa hivi."

Alisikia Seyfried akiweka simu mezani, halafu sauti yake ya mbali ikirudia maneno hayo. Kisha mtu alianza kulia, kilio kikubwa kibaya cha mtu mzima, na Haslbeck alisimama na simu sikioni akakisikiliza mpaka Seyfried aliporudi na kusema, kwa adabu ambayo hakuizoea kwake, kwamba anasubiri.

Alirudi mezani. Aumer alikuwa bado amefunika uso.

"Kitu kimoja sijakielewa," Haslbeck alisema. "Mchoro ni wako. Wewe ni mchoraji wa miaka kumi na tano. Ulisahau vipi kulifuta lile bomba la maji?"

Aumer alishusha mikono. "Sikusahau. Maneno yote walibadilisha wao, mimi sikuulizwa. Mchoro ulikuwa wangu. Nikaacha kipande cha urefu wa ukucha. Nikasema moyoni, kule ofisini yupo mtu ataona, atauliza, na akiuliza mimi nitasema. Nilingoja barua mwaka mzima. Mara nyingine nilikwenda mwenyewe kumpokea tarishi." Alitikisa kichwa. "Hakuna aliyeuliza."

Haslbeck aligeuza ukurasa. Aliusogeza mchoro wa pili mpaka chini ya mikono yake, akaweka kidole penye kijani.

Aumer alisoma. Alisoma tena midomo ikicheza.

"Nani huyu?"

"Aliitwa Ostertag. Alikuwa mkaguzi."

"Yuko wapi? Nitamjibu. Nipe anwani, nitamwandikia leo hii."

"Alikufa wiki aliyoandika, Bwana Aumer. Hakuwahi kukutumia barua."

Ndani ya bafu tone moja lilianguka kutoka kwenye lile bomba, na wote wawili walilisikia. Aumer aliingoja sauti ya pili, haikuja. Akavuta kiti karibu na meza, akajiweka sawa kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Basi andika wewe," alisema.

Haslbeck alifungua daftari. "Niandike nini?"

"Jibu lake. Andika: kwa sababu si kikaushio cha hopsi."